Kila Silinda Ina Mchanganyiko Wake

Makanika wa bodaboda pale Kiandutu, mjini Thika, akitaka kujua hali ya injini haanzi na kompyuta. Anafungua plagi, anaielekeza mwangani na kuisoma. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe na ncha yake imeanza kulika, hewa imezidi na silinda inaungua. Ikiwa ya kahawia hafifu, anairudisha mahali pake na mteja anawasha pikipiki aende zake. Kwa injini ya silinda moja usomaji huo unatosha, maana kabureta moja inalisha silinda moja: ukijua kinachotoka umejua kinachoingia.

Ugumu unaanza ujuzi huo, ambao ni ujuzi wa kweli, unapohamishiwa injini ya silinda nne iliyofungwa kwenye ndege ya kujitengenezea. Injini inatetemeka, mizunguko haifiki panapotakiwa, moshi unanuka petroli, na mkono wa fundi unakwenda moja kwa moja kwenye skrubu ya kabureta. Anaongeza mafuta, mtetemo unapungua lakini nguvu inashuka. Anapunguza, nguvu inarudi na mtetemo nao unarudi. Siku inaisha akizungusha skrubu ileile. Nashikilia kwamba mara nyingi skrubu hiyo haina kosa lolote. Injini ya silinda nne ni injini nne zinazozungusha krenki moja, na kila moja ina mchanganyiko wake. Kabureta hupanga wastani tu. Nani apate kingi na nani apate kidogo huamuliwa na mabomba yaliyo kati ya kabureta na vali, na kwenye ndege ya kujitengenezea mabomba hayo mara nyingi yamekatwa na kuchomelewa na mwenye ndege mwenyewe.

Kujijengea ndege si jambo la nchi za mbali. Mwaka 2010 magazeti na televisheni zilimwonyesha Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri, akijenga ndege nyumbani kwake kwa injini ya gari la Toyota. Uganda, Tanzania na Somalia nazo zimekuwa na watu wa namna hiyo. Thika yenyewe ni mji wa magari: kiwanda cha kuunganisha magari kinachoitwa leo Kenya Vehicle Manufacturers kilianza katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, kati ya Ruiru na Thika. Mtu wa hapa akiamua kujenga ndege hatakosa mchomeleaji, wala hatakosa injini ya mtumba. Atakachokosa ni vipimo vya kila silinda, na bila hivyo anabahatisha.

Tuanze na mchanganyiko wenyewe. Ili petroli iungue yote na hewa yote itumike, kila kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Injini hutoa nguvu nyingi zaidi ikiwa na mafuta mengi kidogo kupita hapo, kwenye kilo 12.5 hivi za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Mchanganyiko wenye mafuta mengi nitauita mzito, na wenye hewa nyingi mwepesi. Gari hubadilisha hali kila dakika na ni nadra kukanyagwa hadi mwisho. Ndege hupaa kwa nguvu zote, kisha husafiri kwa saa nzima ikitumia asilimia 65 hadi 75 ya nguvu zake. Hapo silinda iliyo nyepesi kuliko wenzake ndiyo hufa kwanza. Mafuta ya ziada wakati wa kupaa hayapo kwa ajili ya nguvu peke yake. Hupunguza kasi ya kuungua na kuipoza silinda. Silinda ikiyakosa, joto la kichwa chake hupanda, mchanganyiko huanza kulipuka kwa mshindo badala ya kuungua kwa mpangilio, na pistoni inaweza kutoboka ndani ya muda mfupi sana. Wakati huohuo silinda tatu zilizobaki zinaweza kuwa nzito, na moshi ukawa mweusi, na mtu aliyesimama nyuma ya ndege akaapa kwamba injini imezidiwa na mafuta. Atakuwa amesema kweli juu ya tatu na kukosea juu ya ile itakayomshusha rubani shambani.

Kabla ya kutafuta silinda yenye tofauti, kuna jambo la mahali petu ambalo ni lazima liondolewe hesabuni. Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto la nyuzi 26 hewa ya hapa ina uzito wa asilimia 80 hivi ya ile hewa ya kipimo, ya usawa wa bahari na nyuzi 15, ambayo wahandisi hutumia wanapopanga kabureta kiwandani. Kabureta ya kawaida yenye boya haijui hilo. Inahisi mwendo wa hewa tu, na uzito wa hewa unaposhuka, mafuta yanayovutwa hayapungui kwa kiasi kilekile. Kanuni yake ni kipeuo cha pili: hewa ikishuka hadi asilimia 80, mchanganyiko huzidi uzito kwa asilimia 12 hivi. Kabureta iliyopangwa itoe 13 kwa 1 Mombasa katika hali ya kipimo itatoa karibu 11.6 kwa 1 hapa. Injini yote itakuwa nzito, silinda zote pamoja, na kupaa kutapungua nguvu kwa asilimia 20 au zaidi hata kama kila kitu ni kizima. Ndiyo sababu ndege zenye injini za Lycoming na Continental zina mkono wa kupunguza mafuta ndani ya chumba cha rubani, na marubani wa Uwanja wa Wilson, ulio futi 5,536 juu ya bahari, huutumia hata kabla ya kuruka. Injini ya Volkswagen yenye kabureta ya pikipiki haina mkono huo isipokuwa mjenzi auweke. Badilisha jeti kwanza. Usitafute tofauti kati ya silinda wakati zote nne zimezama.

Baada ya hapo ndipo swali la mgawanyo linasimama peke yake.

Petroli inapotoka kwenye jeti haigeuki mvuke yote papo hapo. Sehemu yake husafiri kama matone, na sehemu hutambaa kwenye ukuta wa bomba. Hewa hupinda kona kwa urahisi, matone hayapindi. Kwa hiyo bomba lenye kiwiko kikali hupeleka mafuta upande wa nje wa kona, na silinda iliyo upande huo hushiba kuliko jirani yake. Kibao cha kabureta kikiwa nusu wazi huelekeza mkondo upande mmoja kwa namna hiyohiyo. Marubani wa injini za kabureta wanajua hila moja inayothibitisha nadharia hii: wakiwa angani wanafunga kibao kidogo sana, au wanaruhusu hewa ya moto kidogo, na silinda zinakaribiana. Mkondo uliovurugwa unachanganyika vizuri zaidi, na hewa ya moto inageuza matone kuwa mvuke. Iwapo hila hiyo inatuliza injini yako, umeshajibiwa: tatizo ni ugawaji, wala si kiasi.

Volkswagen ile ya Kobe ni mfano mzuri kuliko yote. Kabureta yake hukaa katikati na mabomba marefu huenda kushoto na kulia. Waliolibuni gari hilo waliona mapema kwamba petroli ingeganda ukutani mwa mabomba hayo, wakapitisha moshi wa moto chini yake ili kuyapasha. Mjenzi wa ndege anayetafuta kupunguza uzito huling'oa bomba hilo la kupashia, akiona ni chuma kisicho na kazi. Mwezi wa Julai hapa kwetu, asubuhi ya baridi na ukungu, gharama yake huonekana: silinda za mwisho hunyimwa, kisha hufurikiwa ghafla kibao kinapofunguliwa. Asubuhi hizohizo barafu inaweza kujengeka ndani ya kabureta ingawa nje hakuna dalili ya barafu, kwa kuwa petroli inayogeuka mvuke hunyonya joto na unyevu hewani ni mwingi. Barafu huziba hewa, mchanganyiko huwa mzito, injini inatetemeka. Mchana makanika anaikagua na haoni kitu, maana imeyeyuka.

Injini za Rotax 912, zinazotumika sana duniani kwenye ndege ndogo, zina kabureta mbili za Bing, kila moja ikilisha silinda mbili za upande wake. Kabureta hizo hujirekebisha kwa kiasi fulani kadiri ya mwinuko, lakini zikifunguka kwa tofauti hata ndogo upande mmoja huvuta kuliko mwingine na giaboksi huumia. Dawa yake ni geji mbili za mvuto wa hewa na uvumilivu. Zina pia ugonjwa wa maboya: boya likinyonya petroli huzama, kiwango cha mafuta kwenye bakuli hupanda, na upande ule huwa mzito. Kiwanda kinataka maboya mawili ya bakuli moja yasizidi gramu 7 kwa jumla. Mizani ya sonara inatosha kutoa hukumu.

Sasa injini ya Toyota yenye injekta, kama ile ya familia ya NZ inayobeba Probox zetu. Wengi huamini kwamba injekta zimemaliza habari ya ugawaji. Zimeipunguza sana, kwa sababu kila silinda ina mdomo wake, lakini kuna mtego ambao naona haujasemwa vya kutosha. Kompyuta hufungua injekta zote nne kwa muda uleule, na hujisahihisha kwa kihisi kimoja cha oksijeni kwenye eksosi. Kihisi hicho kinanusa moshi wa silinda zote ukiwa umechanganyika. Injekta moja ikiziba nusu, oksijeni huzidi kwenye moshi, kompyuta huona njaa na kuongeza mafuta kwa zote. Tatu zilizokuwa sawa zinazidiwa, na ile yenye njaa inabaki na njaa. Plagi ikiacha kuwaka ni vilevile: oksijeni isiyotumika hupita, kompyuta hudhani mafuta ni machache. Tena nguvu zote zinapodaiwa, kompyuta za aina hii huacha kusikiliza kihisi na kufuata jedwali lililoandikwa kwa ajili ya gari lenye eksosi yake na chujio lake la hewa. Ndege hupaa katika hali hiyohiyo. Mjenzi aliyefupisha bomba la hewa au kusogeza kipimo cha hewa karibu na kona amebadilisha kile jedwali linachodhani, na hakuna taa ya onyo itakayomwambia.

Mafuta yenyewe nayo hayana budi kushukiwa. Kenya imepambana kwa miaka na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ya chini na hugeuka mvuke kwa shida. Kwa hiyo huharibu mara mbili: matone huongezeka na ugawaji unazidi kuwa mbaya, kisha ile silinda iliyoachwa nyepesi inakabiliwa na petroli inayolipuka kwa mshindo upesi zaidi. Anayejaribu injini ya ndege anunue mafuta mahali pamoja, ayachuje, na atunze chupa ya sampuli. Akitumia petroli ya ndege ya 100LL, akumbuke kwamba ina risasi, na risasi huua kihisi cha oksijeni cha Toyota.

Tena kuna njia ya mafuta kabla ya kabureta. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kujifunza kurusha ndege Nairobi, alivuka Atlantiki peke yake Septemba 1936 kutoka Uingereza akielekea magharibi. Injini yake ilinyamaza na akaangukia bwawani Nova Scotia, na chanzo kilichotajwa ni barafu iliyoziba tundu la kupumulia la tangi. Injini ilikuwa nzima kabisa. Kwa ndege mpya kipimo ni rahisi: inua pua ya ndege hadi pembe ya kupaa, bakiza mafuta machache tangini, chomoa bomba kwenye kabureta na upime kinachotoka kwa dakika. Kanuni za Marekani zilizotumika kwa miaka mingi zilitaka mafuta yanayoshuka kwa uzito wake yafike asilimia 150 ya yale ambayo injini hunywa kwa nguvu zote, na yanayosukumwa na pampu asilimia 125. Injini inayokunywa lita 30 kwa saa inahitaji basi lita 45 kwa njia ya kwanza na 37.5 kwa njia ya pili. Kama hazifiki, usiguse injini.

Tuje kwenye uchunguzi wenyewe. Unahitaji vipimo vinane: kimoja cha joto la moshi na kimoja cha joto la kichwa kwa kila silinda. Waya za aina ya K zinazotumika kwenye tanuri za viwanda hufanya kazi hiyo, mradi kila kimoja kikae umbali uleule kutoka mlangoni mwa moshi. Hapa watu wengi hukosea. Wanaona silinda ya tatu inasoma nyuzi 760 na wenzake 720, wanahukumu kwamba ni nyepesi. Namba yenyewe haisemi hivyo. Joto la moshi hupanda mchanganyiko unapopunguzwa mafuta, hufika kilele, kisha hushuka. Silinda yenye nyuzi 760 inaweza kuwa upande wowote wa kilele, na kipimo kilichosogea sentimita moja hubadilisha namba bila kitu kingine kubadilika. Kwanza badilishana vipimo viwili. Joto likihama na kipimo, ulikuwa unafukuza waya.

Kinachosema kweli ni mpangilio wa vilele. Injini ikiwa kwenye mizunguko ya safari, punguza mafuta polepole na uandike, kwa kila silinda, mtiririko wa mafuta wakati joto lake linapofika kilele. Tuseme ya kwanza inafika injini ikinywa lita 24 kwa saa, ya pili 23.6, ya nne 23.4, na ya tatu 21. Ya kwanza ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa maana imefika kilele mapema, na ya tatu ndiyo nzito. Tofauti kati ya ya kwanza kufika na ya mwisho ni lita 3. Kampuni ya GAMI ya Ada, Oklahoma, iliyojulikana kwa injekta za ndege zilizolinganishwa, iliufanya mtihani huu uenee, na marubani wengi huridhika tofauti isipozidi galoni nusu, yaani lita 1.9 hivi. Hii ndiyo picha ambayo plagi peke yake haiwezi kukupa, ingawa plagi nne zikitolewa mara baada ya kuzima injini ikiwa na nguvu zitakuonyesha mwelekeo uleule, na kwa mjenzi asiye na hela hilo ni jambo kubwa.

Ukishajua ni silinda gani, linganisha nguvu ndogo na nguvu kubwa. Silinda iliyo nyepesi kwenye mizunguko ya chini na kupona kibao kikiwa wazi kabisa inavuta hewa ya pembeni: gasketi ya manifoldi imevuja, hosi imepasuka, au weldi ina tundu. Mvuto ndani ya manifoldi ni mkubwa kibao kikifungwa, na hapo ndipo tundu dogo linapoingiza hewa nyingi kwa uwiano. Silinda iliyo sawa chini na nyepesi juu imezibwa: injekta, jeti ya upande wake, au chujio. Kwa injekta, zichomoe zikiwa na nyaya zake, ziweke kwenye chupa nne zinazofanana, mbali na cheche yoyote, zifunguliwe kwa muda uleule, kisha chupa zipangwe mezani. Tofauti huonekana kwa macho. Silinda iliyo nzito peke yake kwenye mizunguko ya chini huelekeza kwenye pampu ya kuanzishia inayovuja, kama mjenzi ameiunganisha na silinda hiyo.

Cheche lazima itengwe na mafuta. Injini yenye mifumo miwili ya kuwasha ikizimwa mmoja, joto la moshi hupanda kwa silinda zote kiasi fulani, kwa sababu kuungua kunachelewa. Ikiwa silinda moja inashuka badala ya kupanda, plagi iliyobaki haiwaki. Silinda ambayo moshi wake ni moto kupita kiasi huku kichwa chake kikiwa baridi mara nyingi ina plagi moja iliyokufa, wala haina njaa. Kinyume chake, kichwa kikipanda upesi wakati joto la moshi linashuka, huo ni mlipuko wa mshindo: ondoa nguvu mara moja, maswali baadaye. Na joto la moshi linalopanda na kushuka taratibu bila mkono wowote kuguswa mara nyingi ni vali ya eksosi inayoanza kuungua. Hapo hakuna skrubu itakayosaidia.

Marekebisho hufuata ushahidi. Kiwiko kikali hubadilishwa kwa bomba la mpindo mpana, au kabureta husogezwa iwe na sehemu iliyonyooka kabla ya njia kugawanyika. Manifoldi hupashwa joto tena. Injekta hulinganishwa, kabureta mbili hupatanishwa, jeti hubadilishwa mwisho. Kila badiliko moja hufuatwa na mtihani uleule, kwenye daftari, pamoja na joto la hewa la siku ile, kwa kuwa nyuzi kumi za tofauti kati ya asubuhi na adhuhuri zinabadilisha mchanganyiko zenyewe.

Yote haya hufanywa chini, mkia ukiwa umefungwa kwenye kitu kisichong'oka na hakuna mtu mbele wala ubavuni mwa propela. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani ilipochunguza ndege za kujitengenezea, katika ripoti yake ya 2012, ilikuta kwamba kuharibika kwa injini na kupoteza udhibiti wa ndege angani ndivyo vinavyoongoza, na kwamba ajali nyingi hutokea ndege ikiwa bado changa. Kwetu, ndege haiwezi kuruka bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na ninaona mjenzi anayepeleka ombi akiwa na daftari la mtiririko wa mafuta na joto la silinda nne, kurasa baada ya kurasa, anampa mkaguzi kitu cha kukagua. Anayepeleka video ya injini ikinguruma hajampa chochote. Hata daftari hilo linatokana na injini iliyosimama chini, na pua ikiinuka angani mafuta kwenye bakuli la kabureta hukaa kwa pembe nyingine, hewa ya kupozea hupita kwa kasi nyingine, na mkondo unaoingia kabureta hubadilika. Kwa hiyo mtihani wa vilele hurudiwa wakati wa saa za majaribio, rubani akiwa peke yake, juu ya uwanja wenyewe na akiwa na mwinuko wa kutosha kurudi akiteleza bila injini.